Mkwe Aliyeleta Kondoo

Nilifika kwao na kipande cha pekorino mkobani,
kimefungwa kwa karatasi ya buchani,
na mama mkwe, Ersilia Bondavalli, hakukigusa.
Alikinusa tu, kwa mbali,
kama mtu anayehesabu mahari pungufu.
"Kondoo," akasema. Basi.
Akarudi dirishani, kwa ukungu wake wa uwanda wa Reggio.

Nyumba hii ni ya ng'ombe.
Miaka arobaini Oddone, mumewe, aliingia ghalani alfajiri
na nyundo ndogo, mpini mwembamba kama wa upawa,
akayagonga magurudumu ya jibini moja moja,
sikio karibu na ganda, pumzi ameibana.
Sauti nzito, iliyoshiba: liache, lingoje mwaka mwingine.
Sauti yenye mwangwi: humo ndani mna ufa.
Wengine huogopa kimya kingi kwa mshindo wake;
yeye aliogopa mshindo usio na kitu nyuma yake.

Alifariki Februari.
Tangu hapo Ersilia alikula mkate mkavu, wima, karibu na sinki,
na hakuna kati yetu aliyemgonga akasikiliza.

Usiku wa tatu usingizi ulinikataa.
Nikaona nipike cha kwetu Roma:
tambi, pilipili manga, na yule kondoo wangu.
Nikakaanga pilipili mpaka jiko zima likapiga chafya,
nikakuna jibini, nikaimwaga yote kwa mkupuo,
moto unanguruma chini ya sufuria,
na jibini ikanisaliti.
Ikajikunja madonge, ikanata kwenye uma kama ulimbo,
maji huku, mafuta kule,
mfano wa ndugu waliogombania shamba.

Sikumsikia akija.
Niliona mkono tu, wenye madoa ya uzee, ukizima moto.
"Unaichemsha kama soksi, Tullio."

Akaniamuru nikune tena, kwa matundu madogo,
mpaka iwe laini kama poda ya mtoto.
Akachota maji ya tambi, meupe, mazito kwa wanga,
akayaacha hadi kidole kikaweza kuyavumilia,
akayatia tone kwa tone, akikoroga,
kama unavyomrudisha mezani mtoto aliyenuna.
"Jibini kuukuu haina haraka na mtu.
Ukiishtua, inajifungia mlango.
Ipe joto la mkono."
Na vitu viwili visivyopendana vikawa mchuzi,
ukazivaa tambi, ukang'aa.

Alikula. Amekaa.
Alisema chumvi imezidi,
akauliza kama kondoo wa Roma hulala baharini.
Akaongeza.

Kisha akafungua kabati la juu, akashusha kitambaa,
na ndani yake kabari ya mwisho kutoka ghala la Oddone,
miezi thelathini na sita, rangi ya nyasi kavu.
Hakuikata. Alichoma kisu kifupi, kipana kama jani,
akakizungusha, ikapasuka ilikotaka yenyewe.
Punje nyeupe zikalia menoni mwangu.
"Chumvi?" nikauliza.
"Chumvi! Hayo ni maziwa yaliyochoka kuwa maziwa."
Akacheka, au alikohoa; pilipili ilikuwa bado hewani.
Hii, alisema, usiipike. Hii unaila na pea,
au unaila peke yako ukiwa na la kukumbuka.
Ile changa ndiyo ya kukunia wali.
Na kondoo wako, sawa, mpe pilipili, mpe maharage mabichi ya Mei,
ila usimlete tena kwenye supu yangu.

Asubuhi nilimkuta na ganda mkononi,
amelikwangua, ameliosha, sufuria ya maharage inatokota.
Ganda halitupwi; hulainika, huacha utamu wake,
na watoto hugombania kulitafuna.
Kabla ya kulitosa aliligonga kwa mgongo wa kijiko,
mara mbili, akainamisha sikio.

"Unasikia nini, mama?"

"Ganda," akasema. "Ulitaka nisikie nini?"

Akaligonga tena.